Barua kwa Mwalimu: Malkia aliyeuliza "unamtii nani?"

Toleo lililopita niliandika aya mbili tu kuhusu ukoo wa Tudor, uliotawala Uingereza kuanzia 1485 hadi 1603, nikaahidi kurudi kwenye habari hiyo kama wasomaji watauliza. Mmeuliza. Nimechagua barua nne, na zote zinamzunguka Malkia Elizabeth wa Kwanza, yule wa karne ya 16, si huyu aliyefariki 2022. Nimefundisha historia sekondari miaka 31 na sikuwahi kummaliza mama huyu kwa kipindi kimoja.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mwanglikana, nimezaliwa Dodoma nikaolewa Muheza. Kwetu tulisema "ibada" na "mchungaji". Huku ni "misa" na "padri", kuna uvumba, kengele na mishumaa. Mama mkwe anasema wao ndio Waanglikana wa kweli. Shemeji yangu Mlutheri anasema kanisa letu lote lilianzishwa na mfalme aliyetaka kumwacha mkewe. Nimwamini nani? (Mama wa watoto wawili, Muheza)

Marahaba, mwanangu. Na mama mkwe usigombane naye. Mimi pia nimekulia kwenye uvumba huo huo. Baba yangu alikuwa mwalimu wa dini upande wa Magila, na harufu ile ikinipitia hata leo nauona mkono wake ukitikisa chetezo.

Tuanze na la karibu. Wamisionari wa Magila, Zanzibar na Masasi walikuwa wa UMCA, chama cha misheni cha vyuo vikuu vya Uingereza, watu waliopenda ibada yenye mapambo ya kale. Wale wa Mombasa, Mpwapwa na Dodoma walikuwa wa CMS, chama kingine cha misheni cha Kianglikana, waliotilia mkazo mahubiri na Biblia. Mwaka 1960 wote waliingizwa katika jimbo moja la Afrika Mashariki, na 1970 Tanzania ikawa na jimbo lake. Sasa, iweje kitabu kimoja cha sala kiwalee watu wasiofanana hivi? Jibu liko London, mwaka 1559.

Shemeji yako ana nusu ya habari. Ni kweli Henry wa Nane alitaka ndoa yake na Catherine wa Aragon ibatilishwe, Papa akakataa, na mwaka 1534 Bunge likamtangaza mfalme kuwa Kichwa Kikuu cha Kanisa la Uingereza. Nyumba za watawa zikafungwa, ardhi yao ikaenda kwa mfalme na kwa wenye fedha. Lakini Henry hakuwa Mprotestanti. Tarehe 30 Julai 1540, pale Smithfield, London, aliua watu sita kwa siku moja: Waprotestanti watatu walichomwa moto kwa kosa la uzushi, na Wakatoliki watatu walinyongwa kwa kushikamana na Papa. Walikokotwa wawili wawili hadi pale, Mkatoliki na Mprotestanti juu ya ubao mmoja. Nilipolisimulia hilo darasani, hata wanafunzi wa viti vya nyuma walinyamaza. Kwa Henry kosa lilikuwa moja tu, nalo ni kuamini jambo ambalo mfalme hakuliruhusu.

Mwanawe Edward, aliyetawala 1547 hadi 1553, akaivuta nchi kwenye Uprotestanti. Mary, dada mkubwa wa Elizabeth kwa baba, akairudisha kwa Papa. Na mwananchi wa kawaida? Nakupa mfano mmoja ninaoupenda kuliko habari zote za ikulu. Morebath, kijiji cha kaya 33 huko Devon, kilikuwa na padri aitwaye Christopher Trychay. Alikaa pale tangu 1520 hadi 1574, na mahesabu ya kanisa aliyoandika kwa mkono wake yapo hadi leo. Kwa karibu miaka 20 alidunduliza senti kwa senti anunue mavazi meusi ya misa za marehemu. Yalipopatikana, dunia ilikuwa imegeuka: chini ya Edward misa zile zikapigwa marufuku. Waumini wakayagawana mavazi ya kanisa lao, kila mmoja akaficha nyumbani kwake. Mwaka 1549 kijiji kikatoa vijana watano, kikawachangia na fedha, waende kwenye uasi wa kukipinga Kitabu kipya cha Sala cha Kiingereza, na serikali ikauzima uasi ule kwa damu. Alipoingia Mary, vilivyofichwa vikatoka. Kisha akaja Elizabeth, vikaondolewa tena. Na padri ni yule yule, mzee sasa, anasalisha kwa Kiingereza yale aliyoyasalisha kwa Kilatini ujanani. Siwezi kumwita mnafiki. Alibaki na watu wake.

Elizabeth alipotawazwa, Januari 1559, alikuwa na miaka 25, na nchi yake imejaa akina Trychay. Ndipo zikaja sheria mbili. Ya kwanza ilimpa cheo cha Mtawala Mkuu wa Kanisa, si Kichwa Kikuu kama baba yake. Ni neno moja lililobadilika, lakini lilipimwa kama dhahabu. Mkatoliki aliyejua kichwa ni Papa, Mprotestanti aliyejua kichwa ni Kristo, na wengi wa pande zote mbili wasiokubali mwanamke aitwe kichwa cha kanisa, wote walipunguziwa neno la kuwakwaza. Sheria ya pili iliamuru kitabu kimoja cha sala, na kila mtu aende kanisani Jumapili. Asiyekwenda alipe peni 12, ujira wa kibarua wa siku mbili hivi. Sheria hiyo ilipita Baraza la Malodi, yaani baraza la mabwana na maaskofu bungeni, kwa kura 21 dhidi ya 18. Hakuna askofu hata mmoja aliyeiunga mkono, na wawili kati yao, wa Winchester na wa Lincoln, walikuwa wameshawekwa ndani kwenye Mnara wa London kabla ya kura kupigwa. Kwa hiyo usidhani maridhiano yale yalipatikana kwa upole mtupu.

Sasa nakufikisha kwenye swali lako. Katika kitabu cha 1549, cha enzi ya Edward, padri anapokupa mkate anautaja Mwili wa Bwana wetu Yesu Kristo uliotolewa kwa ajili yako. Kitabu cha 1552 kilikifuta kifungu hicho kikaweka kingine: twaa, ule, ukikumbuka ya kuwa Kristo alikufa kwa ajili yako. Kitabu cha Elizabeth, 1559, kiliviunganisha vyote viwili, kimoja nyuma ya kingine. Anayeamini kwamba Mwili wa Bwana upo pale alisikia neno lake. Anayeamini kwamba tunakumbuka tu alisikia lake. Nao wamepiga magoti bega kwa bega. Katika kitabu hicho hicho ikafutwa ile sala ya zamani ya kuomba tuokolewe na Askofu wa Roma na machukizo yake. Tena kikawekwa kifungu kilichoruhusu mapambo na mavazi ya kanisa kama yalivyokuwa mwaka wa pili wa utawala wa Edward. Karne ya 19, Waanglikana wa Uingereza waliopenda mishumaa na mavazi walikishika kifungu hicho kama hoja yao kubwa, na kutoka kundi hilo ndiko walikotoka wamisionari wa mama mkwe wako.

Kwa hiyo yeye ni Mwanglikana wa kweli, na wewe ni Mwanglikana wa kweli. Kitabu kiliandikwa makusudi mwenee wote wawili.

Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Shuleni tulifundishwa kwamba Mary alikuwa "Mary Mwenye Damu" na Elizabeth alikuwa mvumilivu. Juzi paroko wetu ametusimulia habari za Mtakatifu Edmund Campion, nikashangaa kusikia aliuawa chini ya huyo huyo Elizabeth. Je, tulidanganywa? (Mwanakwaya, Bukoba)

Milele amina. Mlipewa nusu. Na mimi mwenyewe, miaka yangu ya mwanzo kazini, niligawa nusu hiyo hiyo, kwa hiyo naona nina deni kwenu.

Ya Mary ni kweli na hayafichiki. Kuanzia Februari 1555 hadi alipofariki Novemba 1558, watu karibu 280 walichomwa moto kwa imani yao. Askofu Mkuu Cranmer, mtunzi wa vitabu vya sala vya Edward, alikuwa mmoja wao, lakini wengi walikuwa wafumaji, mafundi, wajane na vijana. Elizabeth alikuwa hai, anayatazama yote. Yeye mwenyewe alifungwa kwenye Mnara wa London Machi 1554, akashukiwa kuhusika na uasi wa Thomas Wyatt dhidi ya Mary, na alipotoka alihudhuria misa ya dada yake akiwa ameufumba mdomo. Aliyewahi kusali kwa kuogopa anajua kwamba sala ya namna hiyo haimwambii mtawala lolote kuhusu moyo.

Francis Bacon, mwanasheria na mwandishi wa enzi zile, aliandika baadaye kwamba malkia huyu hakupenda kufungua madirisha kwenye mioyo ya watu na mawazo yao ya siri. Maneno ni ya Bacon, ingawa vitabu vingi humpa malkia. Kwa miaka kumi ya mwanzo yalikuwa na ukweli. Mapadri wakongwe walisema misa kwenye nyumba za matajiri vijijini, wakuu wakajifanya hawaoni. Mkatoliki aliweza kwenda kanisani Jumapili, akakaa nyuma na rozari mfukoni, akarudi kwake salama.

Mambo yakaharibika 1569 na 1570. Kwanza mabwana wa kaskazini waliasi, wakaingia kanisa kuu la Durham, wakairudisha misa. Uasi ulishindwa, na watu wa kawaida wakanyongwa kwa mamia. Kisha, Februari 1570, Papa Pius wa Tano akatoa tamko la kumtenga Elizabeth na Kanisa, kumvua kiti cha enzi, na kuwaambia raia wake hawafungwi tena na kiapo cha kumtii. Mwanangu, wewe ni Mkatoliki nami nakuheshimu, lakini niruhusu niseme ninachoamini: hakuna waraka uliowaumiza Wakatoliki wa Uingereza kuliko ule. Papa alikuwa Roma, mbali na kitanzi. Waliobaki nao ni wale wenye rozari mfukoni. Tangu siku ile, kusema "mimi ni Mkatoliki" kukasikika ikulu kama kusema "wewe si malkia wangu".

Sheria zikaja moja juu ya nyingine. Mwaka 1581 faini ya kutokwenda kanisani ikapanda hadi paundi 20 kwa mwezi, fedha ambazo fundi hodari hakuzipata kwa mwaka mzima. Mwaka 1585, kuwa padri aliyesomea ng'ambo na kukanyaga ardhi ya Uingereza kukawa uhaini, na anayempa hifadhi naye auawe.

Campion wako alikuwa kijana mwenye kipaji kikubwa Oxford. Malkia alipotembelea chuo kile 1566, yeye ni mmoja wa waliohutubia mbele yake na akasifiwa. Alikuwa na njia nyeupe ya kwenda juu. Akaiacha, akaenda ng'ambo, akawa Mjesuiti, yaani padri wa Shirika la Yesu, akarudi kwa siri 1580. Alikamatwa Julai 1581, akateswa, na tarehe 1 Desemba 1581 akanyongwa Tyburn, mahali pa kunyongea watu London, na mwili wake kukatwa vipande. Mahakamani aliwaambia kwamba kwa kutuhukumu sisi mnawahukumu mababu zenu wenyewe. Nikilifikia neno hilo husimama kidogo. Alisema kweli: kila babu wa kila aliyeketi mle ndani alikuwa amezikwa kwa misa.

Serikali ilishikilia kwamba haiui mtu kwa dini, inaua wahaini. William Cecil, mshauri mkuu wa malkia, aliandika kijitabu kizima 1583 kulitetea hilo. Ili kuuthibitisha uhaini, mapadri waliulizwa swali ambalo wenyewe waliliita swali la damu: Papa akituma jeshi kuivamia Uingereza, wewe utasimama upande gani? Jeshi lenyewe halijaja. Mtu amefungwa, hana hata kisu, anaulizwa kuhusu vita ambavyo havijatokea. Swali lile ndilo dirisha alilosema Bacon, na lilifunguliwa kwa nguvu.

Sitakuletea mizani ya maiti. Mary alitawala miaka mitano, Elizabeth karibu 45. Wakatoliki waliouawa kisheria chini ya Elizabeth hawafiki 200, zaidi ya 100 kati yao wakiwa mapadri. Tofauti ninayoiona mimi ni ya namna ya kuuliza. Mary alikuuliza unaamini nini, na ukijibu vibaya ni moto. Elizabeth alikuuliza unamtii nani, na kwa miaka kumi watu wengi waliweza kujibu wakaenda zao. Baada ya 1570 maswali hayo mawili yakawa moja. Aliyeuawa hakuiona nafuu. Margaret Clitherow, mke wa muuza nyama wa York, alikataa kujibu mashtaka ya kuwaficha mapadri, na tarehe 25 Machi 1586 akalazwa chini, mlango ukawekwa juu yake, na mawe juu ya mlango mpaka akafa. Sheria ilikuwa hivyo kwa asiyejibu. Tangu nimeijua habari hiyo sijawahi kusema "Elizabeth mvumilivu" bila kuongeza sentensi ya pili.

Na moto haukuzimika kabisa: Julai 1575 Waanabaptisti wawili wa kigeni, Wakristo waliokataa ubatizo wa watoto wachanga, walichomwa pale pale Smithfield, kwa amri yake.

Assalaam aleikum Mwalimu. Barazani kuna mzee anasema malkia huyo aliandikiana na Sultani wa Istanbul, akamwambia wote wawili wanachukia masanamu. Ni kweli au porojo? (Msomaji, Mombasa)

Waaleikum salaam. Mzee wako mpe kahawa, ana habari za kweli. Mwaka 1579 Elizabeth alimwandikia Sultani Murad wa Tatu, na katika barua alijiita mtetezi asiyeshindika wa imani ya Kikristo dhidi ya kila aina ya ibada ya sanamu. Alijua kabisa maneno hayo yatasikikaje Istanbul. William Harborne, mfanyabiashara aliyeanza mazungumzo, akawa balozi wake kule 1583. Papa aliwakataza Wakristo kuwauzia Waislamu vifaa vya vita. Elizabeth alikuwa ameshatengwa na Kanisa, hivyo katazo hilo halikumshika, na bati la Uingereza, linalohitajika kuyeyushia mizinga, likasafiri. Mwaka 1600 alimpokea London balozi wa mfalme wa Morocco, Abd el-Ouahed ben Messaoud, wakazungumzia namna ya kumkabili adui wao mmoja, Mhispania.

Je, aliupenda Uislamu? Hapana, wala hakuuchukia kwa namna ya pekee. Alikuwa ametengwa kama kisiwa, akatafuta marafiki pale ambapo adui yake ana maadui.

Na adui huyo Mombasa inamjua. Philip wa Pili wa Hispania alimwoa Mary mwaka 1554, akaitwa mfalme wa Uingereza kwa ndoa hiyo, na Mary alipofariki akamposa shemeji yake Elizabeth. Alikataliwa. Mwaka 1580 akaitwaa na Ureno. Kwa hiyo Wareno waliokuja na merikebu kutoka Goa mwaka 1589 kumfukuza Mturuki Ali Bey na kuipiga Mombasa walikuwa raia wa Philip, mwaka mmoja tu baada ya yeye kupeleka merikebu karibu 130 kumvamia Elizabeth akashindwa. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa 1593 katika utawala wake. Ukipita pale jioni, kumbuka kwamba mwenye ngome aliwahi kuwa shemeji wa malkia wa kwenye hadithi hii.

Shikamoo Mwalimu. Nipo kidato cha nne, Morogoro. Kwa nini hakuolewa? Na yeye mwenyewe aliamini nini hasa? (Mwanafunzi)

Marahaba, mjukuu wangu. La ndoa ni fupi. Mume Mkatoliki kutoka nje angewatia hofu Waprotestanti, mume wa nyumbani angewatia wivu mabwana wengine, na yeyote yule angetaka kutawala. John Stubbs aliandika kijitabu 1579 kumpinga mchumba wa Kifaransa. Alikatwa mkono wa kulia hadharani. Utaona jinsi habari ya chumba cha malkia ilivyokuwa habari ya dola.

La imani ndilo gumu, kwa sababu alijizoeza tangu utotoni kutosema. Lakini matendo yapo. Alipokuwa na miaka 11 alitafsiri kitabu cha shairi la toba kutoka Kifaransa, akakidarizi jalada, akampa mama yake wa kambo Katherine Parr zawadi ya mwaka mpya. Katika kanisa lake la ikulu aliweka msalaba wenye sanamu ya Bwana pamoja na mishumaa. Maaskofu wake wenyewe wakalalamika, watu wakauvunja 1562 na tena 1567, naye akaurudisha kila mara. Mwaka 1565 mhubiri Alexander Nowell alipoanza kushambulia sanamu mbele yake, malkia alipaza sauti palepale alipokaa akamwambia aliache jambo hilo. Wake za maaskofu hakuwapenda. Mwanamuziki wake William Byrd alikuwa Mkatoliki naye alijua, akamwacha aimbe.

Kwa Waprotestanti wakali, Wapuritani, hakuwa laini hata kidogo. Wachungaji walikuwa wakikutana kufundishana kuhubiri, malkia akaogopa mikutano isiyo na kibali, akamwamuru Askofu Mkuu Edmund Grindal aizime. Grindal alikataa. Desemba 1576 akamwandikia barua ndefu, na ndani yake akamwambia akumbuke kwamba yeye ni kiumbe atakayekufa. Mwaka 1577 alisimamishwa kazi, na hakurudishiwa mamlaka yake kikamilifu hadi alipofariki 1583. Nimewahi kufanya kazi chini ya mkubwa asiyetaka kuambiwa, kwa hiyo Grindal nampenda sana. Mrithi wake, John Whitgift, alitii, akawabana Wapuritani kwa miaka 20.

Ni Whitgift aliyekuwa kando ya kitanda Richmond, Machi 1603, malkia akiwa hawezi tena kusema. Alipiga magoti akamsalia mpaka magoti yakamuuma, akambariki, akataka kuinuka. Malkia akaashiria kwa mkono. Bibi mmoja wa ikulu akaelewa, akamwambia askofu kwamba malkia anaomba aendelee kusali. Mzee akaendelea karibu nusu saa, akataka tena kuinuka, na ule mkono ukaashiria tena.